Mato na Macho: Kiamu katika Historia ya Vitabu vya Kufundishia Kiswahili

Utangulizi

Makala haya yanachunguza jambo moja dogo lenye historia ndefu, nalo ni jinsi vitabu vya kufundishia Kiswahili vilivyomtazama mtoto wa visiwa vya Lamu ambaye nyumbani kwao husemwa Kiamu. Tumchukue mtoto wa darasa la pili anayeandika kwamba amefumba mato, amekunywa mai, na amepita ndia ya pwani. Mwalimu atampigia mistari mitatu myekundu na kumwandikia macho, maji na njia. Sahihisho hilo ni halali kwa mujibu wa Kiswahili Sanifu, wala hatukusudii kulipinga. Swali letu ni mistari ile imemfundisha nini mtoto. Ama ameambiwa kwamba amekosa maneno matatu yasiyohusiana, ama ameonyeshwa kwamba kati ya usemi wa kwao na usemi wa kitabu pana uhusiano wenye kanuni, na kwamba akizishika kanuni hizo chache atakuwa amesahihisha maneno mengi kwa mara moja.

Hoja tunayotaka kuithibitisha ni hii. Ujuzi wa kanuni hizo ulikuwa umekwisha pigwa chapa tangu mwaka 1915. Utafiti juu ya namna watu wanavyojifunza lugha umekuwa ukieleza thamani ya ujuzi wa aina hiyo tangu miaka ya 1950. Hata hivyo mikondo miwili hiyo haikupata kukutana katika vitabu vya kiada vilivyoenea shuleni. Sababu kubwa, kwa maoni yetu, ni dhana kwamba mtoto wa Lamu, kwa kuwa ni Mswahili, hana haja ya kufundishwa Kiswahili kwa utaratibu maalumu.

1. Mafunzo ya Amu kabla ya kitabu cha shule

Katika usemi wa Amu neno chuo lina maana mbili: kitabu, na mahali anapokwenda mtoto kufundishwa Kurani. Wingi wake ni zuo. Muungano huu wa maana unatukumbusha kwamba kusoma si jambo lililoletwa Lamu na serikali ya kikoloni. Mtoto alianza na herufi za Kiarabu ubaoni, akasoma kwa sauti, akarejea mbele ya mwalimu wake kile alichokwisha kukihifadhi, ndipo akapewa kingine. Ni kweli kwamba aliyoyasoma hapo mwanzo yalikuwa katika lugha asiyoifahamu, na jambo hilo limelaumiwa sana na waandishi wa elimu. Lakini hati ile ile ndiyo iliyotumika kuandikia Kiswahili, na aliyeimudu aliweza baadaye kusoma tungo za kwao kwa matamshi ya kwao.

Baadhi ya tungo hizo zilikuwa, kwa maana kamili ya neno, maandishi ya kufundishia. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi wa mawaidha. Wataalamu wa fasihi wameuchambua utendi huo kwa upande wa dini, wa ndoa na wa nafasi ya mwanamke. Ukitazamwa kwa upande wa ufundishaji, utaonekana una sifa ambazo mtungaji wa vitabu vya kiada angezitamani. Mwanafunzi aliyekusudiwa anajulikana kwa jina, lugha ni ile anayoisikia nyumbani, na vina na mizani humsaidia kukumbuka.

Mkondo huo haukukatika. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, aliyezaliwa Lamu mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017, alitunga Sambo ya Kiwandeo, iliyochapwa Leiden mwaka 1979 chini ya uhariri wa Gudrun Miehe na Thilo Schadeberg, na Umbuji wa Mnazi, uliotoka Nairobi mwaka 1985. Tungo ya kwanza inaeleza chombo cha baharini na ujenzi wake. Ya pili inaueleza mnazi, ukuaji wake na matumizi yake. Katika zote mbili nia ya mtungaji ni kuhifadhi na kufundisha msamiati wa kazi kwa njia ya shairi. Nabhany alihofu kwamba kizazi kijacho kitaviona vitu kisijue majina yake. Kwa hiyo, tunapozungumza juu ya zana za kufundishia lugha katika visiwa hivi, tusidhani kwamba tunaanzia pasipokuwa na kitu.

2. Kamati na lugha ya vitabu

Historia ya kusanifishwa kwa Kiswahili inajulikana vyema na wasomaji wa jarida hili, kwa hiyo tutaigusa kwa ufupi. Mwaka 1925 palifanyika mkutano Dar es Salaam juu ya lugha ya kufundishia. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa, uliohudhuriwa na Profesa Carl Meinhof, ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa lugha ya vitabu, ijapokuwa wamisionari wa Mombasa walikuwa wamekitetea Kimvita. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Kiswahili ikaanza kazi, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson, ili kuzihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuvikagua vitabu vya shule na kuvipa kibali.

Mtu anaweza kuzielewa sababu za uamuzi huo. Kitabu kimoja kiliweza kutumika katika nchi nne, gharama za chapa zikapungua, na mwalimu aliyefunzwa mahali pamoja akaweza kufundisha mahali pengine. Lakini uamuzi wa lugha ya kuandikia vitabu ni jambo moja, na uamuzi wa njia ya kumfikisha mtoto kwenye lugha hiyo ni jambo jingine. La kwanza lilijadiliwa kwa miaka mingi na kwa hamasa kubwa. La pili, kwa upande wa watoto wa pwani ya kaskazini, liliachwa lijitengeneze lenyewe.

Na hili halikutokana na uhaba wa maarifa. Mwaka 1915 Kapteni C. H. Stigand alikuwa amechapisha Cambridge kitabu kizima juu ya mabadiliko ya lahaja za Kiswahili, ambamo sauti na maumbo ya lahaja, Kiamu kikiwa miongoni mwazo, yamepangwa na kulinganishwa. Katika kitabu hicho hicho mna Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, iliyotengenezwa na kufasiriwa na W. E. Taylor. Baadaye, mwaka 1936, Ernst Dammann alifanya utafiti Lamu akisaidiwa na mwandishi mashuhuri Muhamadi Kijuma, na mwaka 1940 akachapisha mkusanyo mkubwa wa tungo za lahaja ya Lamu. Mwaka 1939, William Hichens alichapisha London toleo lake la Al-Inkishafi, na mwaka huo huo ikatoka kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotungwa na Kamati chini ya Johnson.

Tarehe hizi zikiwekwa pamoja zinatuonyesha hali ya ajabu. Katika muongo ule ule ambao Kiamu kilikuwa kikiondolewa katika kitabu cha mtoto, kilikuwa kikikusanywa kwa bidii kubwa na wataalamu wa ng'ambo kwa ajili ya maktaba zao. Lahaja iliyoonekana kuwa hazina kwa mtafiti ilionekana kuwa kosa kwa mwanafunzi, na hakuna aliyeona kwamba hazina hiyo ingaliweza kumfaa mwanafunzi mwenyewe.

3. Kanuni zilizomo katika makosa

Yafaa sasa tuonyeshe kwa mifano kwamba yale yaitwayo makosa yana utaratibu.

Kwanza, pale ambapo Kiswahili Sanifu kina ch, Kiamu mara nyingi kina t: macho ni mato, kichwa ni kitwa, mchele ni mtele, kucheka ni kuteka, chini ni tini. Pili, pale penye nj katika Sanifu, Kiamu kina nd: njia ni ndia, njaa ni ndaa, njoo ni ndoo. Tatu, j ya Sanifu katika maneno mengi huwa y: jana ni yana, jua ni yua, kuja ni kuya, moja ni moya. Katika mengine hutoweka kabisa: maji ni mai, mji ni mui, jina ni ina, jicho ni ito. Nne, kiambishi vi- cha wingi, pamoja na umbo lake vy-, huwa zi- au z-: vitu ni zitu, vyombo ni zombo, vyuo ni zuo.

Kanuni hizi nne zinahusu maneno ambayo mtoto huyatumia kila siku: viungo vya mwili, chakula, njia, maji, kuja na kwenda, kuhesabu. Hayo ndiyo maneno yanayojaza kurasa za kitabu cha kwanza cha kusoma. Kwa hiyo tofauti baina ya Kiamu na Sanifu, ijapokuwa kwa mtaalamu ni ndogo ukiilinganisha na tofauti baina ya Kiswahili na Kikamba, kwa mtoto humkuta mlangoni kabisa mwa shule.

Aidha, kanuni hizi zina mipaka, na mipaka yenyewe ni sehemu ya somo. Ch inayotokana na kiambishi ki- kilichokutana na irabu haigeuki t: chuo na chombo hubaki chuo na chombo katika Amu vilevile. Mtoto aliyegundua peke yake kwamba t ya kwao ni ch ya shuleni, na asionyeshwe mpaka wa kanuni, anaweza kuipeleka mahali pasipo pake, akaandika ch hata katika neno ambalo Sanifu nayo ina t. Mwalimu asiyejua chanzo chake ataliona kosa kama hilo kuwa ni uzembe, ilhali ni dalili kwamba mtoto anatafuta kanuni.

Kuna pia maneno yenye umbo moja na maana mbili. Ndoo kwa mtoto wa Amu ni mwito wa kumtaka mtu aje. Kitabuni ni chombo cha kutekea maji. Tini ni upande wa chini, na kitabuni ni tunda. Waliteka kwa Kiamu ni watu waliofurahi wakacheka, lakini katika hadithi ya kitabu huenda ikawa ni askari walioteka mji. Kijana katika Amu ni mtoto mdogo, na katika Sanifu ni mtu aliyekwisha balehe. Hapa mtoto hakosei katika kuandika. Husoma sentensi yote kwa ufasaha, akaelewa jambo jingine, na mwalimu asing'amue.

Mwisho, zipo tofauti ambazo lahaja za kaskazini zinazo na tahajia ya Sanifu haizionyeshi, kama vile t ya meno na t ya ufizi, au mpumuo unaotenganisha paa aliye mnyama na paa la nyumba. Katika jambo hili mtoto wa Lamu huja shuleni na sikio lenye kutambua zaidi ya yale ambayo kitabu kinamwomba ayatambue. Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa na W. E. Taylor walikwisha tambua haja ya kuzionyesha sauti hizo katika hati ya Kiarabu tangu karne ya kumi na tisa.

4. Utafiti juu ya kujifunza

Baada ya kuiona hali ya lugha yenyewe, tutazame sasa utafiti wa kujifunza ulisema nini juu ya hali za namna hii. Mwaka 1957 Robert Lado alieleza kwamba mtungaji wa vitabu vya lugha ya pili hana budi kwanza kuilinganisha lugha ya mwanafunzi na lugha anayofundishwa, ili ajue mapema pale patakapokuwa na taabu. Miaka kumi baadaye, 1967, S. P. Corder aliigeuza hoja hiyo upande wa mwanafunzi: makosa yenye utaratibu ni ushahidi wa yale ambayo mwanafunzi amekwisha yajenga akilini, na mwalimu ayasome kabla ya kuyafuta. Mawazo haya yameboreshwa na kukosolewa tangu hapo, hasa dai la kwamba ulinganishi peke yake unaweza kutabiri makosa yote. Lakini kiini chake kimebaki, kwamba kosa lenye kanuni hutibiwa kwa kanuni.

Kwa upande wa lahaja za lugha moja, jaribio lililo karibu zaidi na suala letu ni la Tore Österberg, lililochapishwa mwaka 1961, katika wilaya ya Piteå, kaskazini ya Sweden. Watoto wa kundi moja walianza kusoma kwa lahaja yao kwa muda wa wiki kumi, kisha wakahamia kwenye lugha sanifu kwa wiki ishirini na tano. Wenzao walianza na lugha sanifu tangu siku ya kwanza. Mwisho wa wiki thelathini na tano, walioanza na lahaja waliwapita wenzao katika kusoma lugha sanifu yenyewe. Muda waliotumia kwa lahaja haukuwa hasara.

Huko Marekani, Gary Simpkins na wenzake walitoa mwaka 1977 vitabu vya kusoma vilivyoitwa Bridge, yaani daraja, kwa ajili ya wanafunzi Wamarekani Weusi. Hadithi zilianza kwa usemi wa nyumbani, zikapitia usemi wa kati, zikaishia katika Kiingereza sanifu. Katika majaribio ya miezi minne, waliotumia vitabu hivyo walipanda kwa kiasi cha miezi 6.2 katika kipimo cha kusoma, na wasiovitumia kwa miezi 1.6 tu. Pamoja na hayo vitabu hivyo havikudumu, kwa sababu watu wengi walichukizwa kuona usemi wa nyumbani umepigwa chapa katika kitabu cha shule. Tutalirudia jambo hili, kwani linatuhusu.

Mchango wa Kenneth Goodman nao unastahili kutajwa. Mwaka 1965 alidhani kwamba kadiri lahaja inavyoachana na lugha ya kitabu, ndivyo kusoma kunavyozidi kuwa kugumu. Mwaka 1973, baada ya kuwasikiliza watoto wengi wakisoma, aliirekebisha kauli yake: kizuizi kikubwa si lahaja, bali ni mwalimu kuikataa lahaja. Mtoto anayeliona neno la kitabu akalitamka kwa usemi wa kwao ametoa ushahidi kwamba ameelewa, kwa kuwa hawezi kulifasiri neno asilolifahamu. Tukilileta jambo hili Lamu, mtoto aliyeandikiwa macho akasoma mato amesoma. Akizuiwa na kusahihishwa katika kila mstari, atajifunza kuyatazama maneno mojamoja kwa hofu, na maana ya habari itampotea.

5. Kenya na mtoto wa kubuni

Tukirudi nyumbani, tutaona kwamba sera ya Kenya kwa muda mrefu imekubali umuhimu wa lugha ya mtoto. Tume ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo la shule itumike katika madarasa ya chini, na Kiswahili kiwe somo la lazima lenye kutahiniwa. Mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza, Kiswahili kikawa na mtihani wake katika kumaliza shule ya msingi. Hatua hiyo ilikipa Kiswahili heshima kubwa nchini. Lakini kwa mtoto wa Amu ilikuwa na pande mbili. Eneo la shule yake lilihesabiwa kuwa ni la Kiswahili, kwa hiyo ikaonekana kwamba sera imekwisha kutimia. Wakati huo huo mtihani wake ulimtaka Kiswahili ambacho si kile cha kwao. Mtoto wa bara alitungiwa vitabu kama mtu anayejifunza lugha ya pili. Mtoto wa Amu alihesabiwa kuwa mwenye lugha, na akisha kukosea, hana udhuru.

Katika karne hii utafiti umeingia katika utungaji wa vitabu kwa kiasi kisichopata kuonekana. Mradi wa kusoma na hesabu wa PRIMR, ulioanza mwaka 2011, ulijaribu vitabu na mbinu kwa kupima matokeo, na juu ya msingi huo ukajengwa mpango wa Tusome, ulioanza mwaka 2015 katika shule za msingi za umma. Masomo ya Kiswahili na Kiingereza yalipangwa hatua kwa hatua, kutoka sauti hadi silabi, kutoka silabi hadi neno na habari. Mwalimu alipewa mwongozo wa kila siku, na kila mtoto kitabu chake. Maendeleo hayo ni makubwa, na haifai kuyadharau.

Chini ya PRIMR palifanyika pia jaribio la kufundisha kusoma kwa Kikamba na kwa Kibukusu. Watoto waliofundishwa hivyo walisoma vizuri zaidi katika lugha zao. Hata hivyo hawakuwapita kwa kusoma Kiswahili na Kiingereza wale waliofundishwa kwa mbinu mpya bila ya lugha ya mama. Yafaa tuyapokee matokeo hayo kwa uaminifu. Yanatuonya tusiahidi kwamba kila matumizi ya usemi wa nyumbani yataleta faida ya upesi katika lugha ya shule. Lakini pia hayalimalizi suala letu, kwa sababu Kikamba na Kiswahili ni lugha mbili, na Kiamu na Sanifu ni lahaja za lugha moja, ambapo kanuni moja hufungua maneno mengi. Jaribio la Piteå lilihusu hali kama hii ya pili, na wala si sawa kulihukumu jambo la Lamu kwa kipimo cha Machakos na Bungoma. Linalohitajika ni jaribio la Lamu kwenyewe.

6. Kitabu kingekuwaje?

Hatupendekezi vitabu vya kiada vitungwe upya kwa Kiamu. Gharama yake haibebeki, na mtihani wa taifa hauna budi kubaki katika Kiswahili Sanifu. Tunapendekeza kijitabu kidogo cha nyongeza, kitakachokwenda sambamba na kitabu cha taifa, chenye mambo manne.

La kwanza ni ukurasa wa mwalimu wenye kanuni nne tulizozitaja, mifano yake na mipaka yake. Walimu wengi wa Lamu hutoka bara, na hawana njia ya kujua kwamba ndaa na njaa ni neno moja. La pili ni habari fupi za kusoma zilizopangwa kwa daraja: ya kwanza kwa Kiamu, ya pili yenye maneno yaliyolinganishwa, ya tatu kwa Sanifu. La tatu ni marudio yaliyotawanywa kwa muda. Tangu Hermann Ebbinghaus alipochapisha majaribio yake juu ya kumbukumbu mwaka 1885, imethibitishwa mara nyingi kwamba jambo linalorejewa kwa vipindi hukaa akilini kuliko linalorundikwa katika siku moja. Kwa hiyo kanuni ya t na ch isifundishwe wiki moja ikaachwa. Irudi baada ya siku chache, kisha baada ya wiki, kisha baada ya mwezi, na kila mara mtoto atakiwe kuikumbuka mwenyewe kabla ya kuonyeshwa. Mwalimu wa chuo aliyemtaka mtoto arejee mbele yake alichokihifadhi jana alikuwa akilifuata jambo hili bila ya kusoma majaribio ya mtu yeyote. La nne ni beti nyepesi za kwao, zichaguliwe katika tungo za mambo ya kila siku, zisomwe tangu madarasa ya chini.

Kuhusu kusahihisha, tunaona kusoma kutengwe na kuandika. Katika kusoma kwa sauti, matamshi ya Kiamu yasihesabiwe kuwa kosa maadamu maana imehifadhika. Katika kuandika, Sanifu idaiwe, lakini alama ya mwalimu ielekeze kwenye kanuni.

7. Vipingamizi

Kipingamizi cha kwanza ni kwamba njia hii itadhoofisha umoja wa lugha. Tunaona kinyume chake, kwa kuwa shabaha ya kijitabu ni kumfikisha mtoto kwenye Sanifu upesi na kwa uhakika zaidi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na papo hapo inaipa serikali wajibu wa kukuza uanuwai wa lugha za wananchi.

Kipingamizi cha pili ni kizito zaidi. Madarasa ya Lamu si ya Waamu peke yao. Kisiwani Pate pana Kipate, Kisiu na Kitikuu, na kila kimoja kina njia zake. Upande wa bara wa kaunti wapo Wapokomo, Waaweer, Waorma, na familia zilizohamia Mpeketoni tangu miaka ya 1970. Ni dhahiri basi kwamba jedwali moja halitoshi, na kwamba kijitabu cha Amu hakitafaa Faza bila ya kuchunguzwa upya na wenyeji wa huko. Lakini darasa lenye mchanganyiko lina faida yake: mtoto asiyejua Kiamu ataelezwa kwa nini mwenzake husema yana, na atakoma kumcheka.

Cha tatu kinatoka kwa wazazi, na historia ya Bridge inatufundisha tusikipuuze. Mzazi hampeleki mwanawe shuleni ili afundishwe anachokijua. Asipoelezwa nia ya kijitabu, atadhani mwanawe anabaguliwa na kunyimwa lugha ya mtihani. Kwa sababu hiyo kazi hii haiwezi kufanywa na chuo kikuu peke yake kikaipeleka Lamu imekwisha kukamilika. Walimu wa shule, walimu wa vyuo vya Kurani, watunzi na wazazi washirikishwe tangu kukusanya maneno hadi kujaribu darasani, na matokeo yapimwe kwa kulinganisha madarasa yaliyotumia kijitabu na yale yasiyokitumia. Yakionyesha kwamba hakuna faida, basi tukiri hivyo.

Hitimisho

Tumeona kwamba Lamu ilikuwa na maandishi ya kufundishia kabla ya kuja kitabu cha shule, kwamba uamuzi wa 1928 ulichagua lugha ya vitabu bila ya kutengeneza njia ya kuifikia, na kwamba elimu ya kanuni za Kiamu na utafiti wa kujifunza zilikua kila moja upande wake. Gharama yake haionekani katika hesabu za serikali, lakini mtoto huilipa kwa namna tunayoweza kuieleza.

Katika darasa la pili huandika mato, akapigiwa mstari mwekundu. Akipanda mpaka shule ya sekondari, hukutana na utungo mkongwe wa pwani ya kaskazini, na ndani yake amo mato, ndia, mui na zita. Sasa maneno hayo yamewekewa sherehe chini ya ukurasa, na mwalimu anaeleza kwamba ni lahaja au ni kikale, yaliyotumiwa na mtunzi kwa uhuru wake. Mwanafunzi yule ndiye pekee darasani asiyehitaji sherehe hiyo. Huenda, hata hivyo, amekwisha jifunza kutolisema jambo hilo hadharani, maana kwa miaka minane au zaidi ameelekezwa kuyaonea haya maneno hayo hayo. Mwalimu wa fasihi anapouliza nani anajua maana yake, ananyamaza.

Ikiwa kijitabu cha kurasa chache kitamfanya ainue mkono, kazi ya kukitunga itakuwa imestahili kufanywa.